Usirudishe Kadi Kabla Hujanakili Namba

Wanangu mnaofunga mabegi kwenda Uarabuni, na nyinyi mliokwisha kurudi mkadhani ya kule yamekwisha, nisikilizeni kidogo. Kadi ya ukaazi ni mali ya serikali iliyoitoa. Siku ya kuondoka mwajiri ataidai, au ofisi itaifuta, au itabaki kwenye droo ya kafili, mdhamini wako wa kule. Namba iliyoandikwa juu yake ni yako na hakuna anayeichukua, lakini pia hakuna atakayekukumbusha kuinakili.

Wanaokuja kwangu na shida hii husema namba yao imepotea. Ipo. Imetulia kwenye kompyuta za Riyadh, Doha au Abu Dhabi pamoja na jina lako na picha yako ya ujana. Falme za Kiarabu hukupa namba moja ya kitambulisho, na ukirudi baada ya miaka unaikuta ile ile inakusubiri. Unachokosa wewe ni njia ya kutoka Tanga au Mombasa mpaka kwenye kompyuta hiyo, na njia hiyo mtu huitengeneza kwa karatasi angali yuko kule.

Si kwamba hatujui thamani ya namba. Mwanzoni mwa 2020, laini zilipoanza kuzimwa kwa wasiosajili kwa alama za vidole, Watanzania tulipanga foleni NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, tangu alfajiri, na leo mtu ana namba yake yenye tarakimu 20 kwenye simu, kwenye daftari, na wengine kichwani. Kijana huyo huyo anakaa Dubai miaka sita, anatoa kitambulisho benki, hospitali na kwenye duka la laini, kisha anarudi nyumbani hawezi kukwambia hata ilianza na tarakimu gani.

"Lakini siendi tena, ya nini?" Ndivyo mnavyoniambia. Haya. Leo huendi. Mwaka ujao utapata nafasi ya kuhamia Kanada, na Kanada itakutaka cheti cha polisi cha kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Cheti cha tabia njema cha hapa nyumbani utakipata bila shida kubwa. Cha kule wataanza kwa kukuuliza ulikuwa nani kwao, na kwao wewe ulikuwa namba kabla hujawa jina. Au uliondoka haraka bila kulipwa haki ya mwisho wa kazi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inampa mfanyakazi wa kampuni aliyetimiza mwaka malipo ya siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Qatar haiteremki chini ya wiki tatu kwa mwaka. Kwa aliyefanya kazi miaka minne hizo ni fedha za kiwanja. Unaweza kumpa ndugu aliyebaki kule uwakili akufuatilie, ila fomu ya madai itamdai namba yako kabla ya kumdai kitu kingine. Kuna waliojifungulia kule wakapoteza cheti cha mtoto. Kuna walioacha deni la kadi ya benki na wanataka kujua kama wamefunguliwa kesi kabla hawajapitia uwanja wa ndege wa huko. Wote hawa huanzia mlango mmoja: namba.

Kwa hiyo kabla ya kulia, kaa chini umwage makaratasi yote sakafuni. Nimewaona watu wanaokwenda kwa wakala na pesa mkononi, na namba iko kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Tazama mkataba wa kazi, kadi ya bima ya afya, majibu ya kipimo cha afya ulichofanyiwa ulipofika, fomu ya benki, leseni ya udereva, karatasi ya kufunga laini. Kama ulikuwa Saudia, tafuta hati ya kutoka moja kwa moja; namba ya ikama, yaani kibali chako cha ukaazi, huandikwa humo. Kisha nenda kwa mama. Wewe ulikuwa unatuma pesa kila mwezi kupitia maduka ya kubadilishia fedha, na duka lile halitumi mpaka lione kitambulisho chako. Risiti nyingi huchapwa namba ya mtumaji. Ulipiga picha risiti ukamtumia mama au mdogo wako ili akachukue pesa. Picha hiyo huenda bado ipo kwenye simu yake, katikati ya picha za harusi na salamu za Ijumaa. Mwombe simu, rudi nyuma polepole, usimharakishe.

Ukipata karatasi yenye namba nyingi, hapo ndipo vijana huchanganyikiwa, maana kila ofisi ina namba yake: ya viza, ya faili, ya kazi, ya benki. Jifunze kuzitambua kwa umbo. Ya Falme za Kiarabu ina tarakimu 15 na huanza na 784, kisha mwaka wako wa kuzaliwa, kisha tarakimu saba, kisha moja ya mwisho. Ya Qatar ina tarakimu 11. Ya kwanza ni 2 kwa aliyezaliwa kabla ya mwaka 2000 na 3 kwa aliyezaliwa 2000 au baadaye. Mbili zinazofuata ni za mwaka wa kuzaliwa. Kisha tatu za nchi yako, 834 kwa Mtanzania, 404 kwa Mkenya, 800 kwa Mganda. Mkenya aliyezaliwa 1988 ataona inaanza 288404, na akiwa na karatasi iliyoliwa na panya nusu, bado anajua alichoshika. Ikama ya Saudia ina tarakimu 10 na huanza na 2; ikianza na 1 hiyo ni ya Msaudi, labda ya kafili wako, usiijaze kwenye fomu yako. Ya Kuwait ina tarakimu 12 na tarehe yako ya kuzaliwa imo ndani. Ya Bahrain ina tisa na huanza na mwaka na mwezi wa kuzaliwa. Ya Oman, ile ya kwenye bataka inayotolewa na Polisi wa Kifalme, ni fupi na haisemi chochote juu yako, kwa hiyo hiyo iandike kwa uangalifu zaidi kuliko zote.

Walioondoka Saudia wana namba nyingine ya kutazama, ile ya mpakani, uliyopewa ulipoingia mara ya kwanza kabla ikama haijatoka. Watu huidharau. Ofisa anayetaka kukutafuta anaweza kuanzia hapo.

Sasa pasipoti. Nitasema hili kwa ukali kidogo kwa sababu linaniuma kila mara. Usitupe pasipoti ya zamani. Usiiache uhamiaji unapobadilisha, usimpe mtoto achezee, usiichome na takataka za kuhama nyumba. Ikishakatwa kona haikusafirishi tena, lakini kule ulikokuwa wewe ni yule mwenye pasipoti ile, si hii mpya. Tanzania ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki mwaka 2018 na Kenya mwaka 2017, na baada ya hapo watu wengi wakawa na namba mpya ya pasipoti ambayo Dubai haijawahi kuiona. Mtu anajaza namba mpya kwenye tovuti ya uhamiaji ya kule, anaambiwa hayupo, anakata tamaa. Yupo. Amebisha hodi kwa jina lingine.

Kwa walioishi Falme za Kiarabu kabla ya mwaka 2022, pasipoti hiyo ya zamani ni hazina. Mpaka wakati huo viza ya ukaazi ilikuwa stika iliyobandikwa kwenye ukurasa mzima. Humo mna namba ya faili, inayoanza na 201 kwa Dubai, 101 kwa Abu Dhabi au 301 kwa Sharjah, ikifuatiwa na mwaka. Na mna namba ya umoja, inayoandikwa UID, ambayo ndiyo uzi unaounganisha viza zako zote. Hata kama ukurasa umechakaa, idara ya ukaazi ya Dubai ina huduma kwenye tovuti yake ya kuitafuta namba ya umoja kwa namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Mambo manne tu, tena bila malipo ya wakala. Lakini jambo la kwanza kati ya manne ni namba ya ile pasipoti uliyotaka kuitupa. Walioingia kuanzia 2022 hawana stika. Stika ilifutwa na kadi ikachukua kazi yake. Kwa hiyo nyinyi wa sasa mna kadi peke yake, na kadi ndiyo wanayoichukua. Mna sababu zaidi ya kunakili kuliko kaka zenu.

Nimeyataja maumbo ya namba kwa makusudi, kwa kuwa yananileta kwenye jambo ambalo wazazi wengi hawapendi lisemwe. Ukiangalia vizuri, nchi nyingi za Ghuba zinaweka mwaka wako wa kuzaliwa ndani ya namba yenyewe. Binti wa miaka 19 anaongezewa miaka na ajenti ili akubaliwe kazi za ndani, anapewa pasipoti inayosema ana 25, na wote nyumbani wanacheka kwamba amekuwa mkubwa ghafla. Ule uongo unachapwa ndani ya namba. Haufutiki kwa kuondoka. Anarudi, anaolewa, anarekebisha pasipoti ili ilingane na cheti cha kuzaliwa, halafu siku akitaka hati yake ya kule mwaka haulingani, jina la babu limeachwa, na ofisa ana kila haki ya kusema hawa ni watu wawili. Hapo atahitaji hati ya kiapo, vyeti vyote viwili, pasipoti zote mbili, na maelezo yatakayomwaibisha. Nawaambia wazazi hasa: ajenti anayewaambia "umri ni kitu kidogo" hatakuwepo siku hiyo.

Na wanaodhani pasipoti mpya yenye jina jipya itafuta makosa ya zamani, wajue mpaka wa leo unasoma macho na vidole. Falme za Kiarabu zilianza kupima mboni za macho za waliofukuzwa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, mahsusi kwa ajili ya wanaorudi na majina mapya. Hao kompyuta huwakumbuka vizuri mno.

Kuna mtego mwingine mdogo unaowanasa hata waliotunza namba. Akaunti yako ya serikali kule, iwe Absher ya Saudia au nyingine ya aina hiyo, hukutumia nambari ya siri kwa simu uliyosajili. Umerudi nyumbani, laini ya kule hukuijaza, ikakatwa, na baadaye ikauzwa kwa mtu mwingine. Sasa una namba ya ikama, una nenosiri, na ujumbe wa kufungulia mlango unakwenda kwa mtu usiyemjua. Kwa hiyo wiki ya mwisho, laini ikiwa bado hai, ingia kwenye akaunti, pakua kila hati inayopakulika, uitume kwenye barua pepe yako na kwa mtu mmoja unayemwamini. Usiweke kwenye simu tu. Simu huibiwa Kariakoo kabla hujafika nyumbani.

Wale mnaosema "kafili ana kadi yangu na pasipoti yangu, nitanakili wapi?" nawasikia. Sheria za nchi za Ghuba zinakataza mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi, lakini sheria iko mjini na wewe uko jikoni. Basi tumia siku ambazo kadi inapita mkononi mwako: siku ya kwanza unapokabidhiwa, siku ya hospitali, siku ya kutuma pesa. Piga picha pande zote mbili. Ukishindwa kupiga picha, soma namba kwa sauti kwenye ujumbe wa sauti umtumie dada yako. Yeye aiandike kwenye daftari la nyumbani, palepale penye namba za vikoba na tarehe za kuzaliwa za watoto.

Msidhani wanaokwenda mbali zaidi wamesalimika. Aliyefanya kazi Japani akaondoka moja kwa moja hurudisha kadi ya ukaazi uwanjani, na ana miaka 2 tu ya kudai sehemu ya michango yake ya pensheni, kama alichangia angalau miezi 6. Namba inayotakiwa pale ni ya pensheni, yenye tarakimu 10, tofauti kabisa na iliyokuwa kwenye kadi. Nao Wajerumani hutoa namba ya kodi ya tarakimu 11 inayomfuata mtu maisha yote, na ukiisahau ofisi kuu ya kodi haikutajii kwa simu wala kwa barua pepe. Inakuandikia barua ya karatasi. Wewe unayetaka jibu leo jioni utangoja posta.

Hilo la kungoja ndilo linalowapeleka watu kwa matapeli. Utaona tangazo: tunarudisha namba za ikama, tunaangalia kama una kesi, tunafuta huruubu, lipa nusu kwanza. Anakutaka picha ya pasipoti, picha ya uso, saini, na wengine wanathubutu kukuomba alama ya kidole kwenye karatasi. Fikiri umempa nani vitu hivyo. Kwa alama ya kidole na nakala ya pasipoti mtu anaweza kujifanya wewe mahali ambapo hutajua mpaka ukamatwe. Kuna mawakala waaminifu, sikatai, lakini wakala mwaminifu atakuuliza kwanza kama umetafuta kwenye risiti zako, na atakuonyesha hati ya uwakili yenye muhuri wa wakili, wa Wizara ya Mambo ya Nje na wa ubalozi husika kabla hajagusa jambo lako. Asiyetaja mihuri hiyo anataka pesa yako tu.

Nimetaja huruubu, yaani ripoti ya kutoroka kazini, kwa hiyo nilimalize. Kama ulitoroka kwa mwajiri Saudia akakuripoti, namba yako ina doa hilo. Wengi hukaa kimya wakiogopa kwamba kuuliza namba kutawaletea shida hapa nyumbani. Kuuliza hakukuletei askari mlangoni Morogoro. Kutouliza ndiko kunakokufanya ununue viza nyingine kwa mkopo, usafiri, ukazuiliwe uwanjani mbele ya watu. Tena sema ukweli unapouliza. Kama ulikimbia kwa sababu hukulipwa miezi saba, sema hivyo, na kama una ujumbe wa simu unaoonyesha, uuambatanishe.

Waliobaki bila risiti, bila stika, bila pasipoti, waliorudi kwa hati ya dharura na nguo walizovaa, wana kazi ndefu zaidi lakini hawajafungiwa. Anza na uhamiaji wa nchi yako, kwa kuwa wao ndio waliotoa pasipoti ile na kumbukumbu ya namba yake iko kwao. Ukiipata, andika barua kwa ubalozi wa nchi uliyokuwa. Saudia, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu wote wana balozi Dar es Salaam na Nairobi, na Oman ina ubalozi mdogo Zanzibar pia. Waandikie na mabalozi wetu walio kule, Abu Dhabi, Riyadh, Muscat au Doha, wajue kuwa unauliza. Usitegemee ubalozi wowote uwe na namba yako kwenye rafu; kazi yao ni kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe na kuipeleka barua inakotakiwa.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Jina kama lilivyokuwa kwenye pasipoti ya wakati ule, hata kama liliandikwa vibaya. Namba ya pasipoti hiyo, na chini yake namba ya sasa. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa wakati ule na ya sasa kama zinatofautiana, na sentensi moja ya kueleza kwa nini. Mwezi na mwaka wa kuingia na kutoka, uwanja ulioshukia, jina la mwajiri na mji wake, simu uliyokuwa ukitumia kule. Unachotaka na sababu yake: cheti cha polisi, haki ya kazi, cheti cha mtoto. Usisimulie mateso yote humo; yana barua yake. Peleka mwenyewe ikiwezekana, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, uandike juu yake jina la aliyepokea. Wakikwambia urudi baada ya wiki tatu, rudi siku hiyo hiyo, na nakala mkononi.